Weka Chako Pasipofikiwa na Sasisho

Tuseme uko Saza, mkoani Songwe, na ndugu yako wa ughaibuni amekuletea Steam Deck, kompyuta ya mkononi ya kuchezea gemu iliyotolewa na kampuni ya Valve ya Marekani Februari 2022. Umefungua kufuli la mfumo kwa amri ya steamos-readonly disable, ukapakua programu uliyoitaka kwa pacman, zana ya kusakinisha programu, ikafanya kazi vizuri. Siku moja unakubali sasisho, mashine inajizima na kuwaka, na programu haipo tena. Gemu zote zipo. Usikimbilie kwa fundi: kifaa ni kizima.

Mfumo endeshi wake, SteamOS 3, umejengwa juu ya Arch Linux, na kwenye diski umetengewa vyumba viwili, A na B. Ukiwa unatumia A, sasisho linaandikwa B, tena mfumo mzima, halafu ukiwasha upya unaamkia B. Betri ikizima katikati ya kazi, A haijaguswa. Unawasha na kuendelea kama jana. Ila ulichoongeza ndani ya A hakihamii B, na sasisho linalofuata litaandikwa juu ya hiyo A.

Ni kama nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba akikarabati, rangi uliyopaka ukutani inakwenda, lakini sanduku lako haligusi. Hapa sanduku ni folda ya /home/deck.

Kwa hiyo, programu za kawaida zichukue kupitia duka la Discover lililo kwenye upande wa eneokazi. Huko zinakuja kwa mtindo wa Flatpak na kuhifadhiwa nje ya vyumba vile viwili. Zile zinazopatikana kwa pacman pekee, ziweke ndani ya Distrobox, zana ya kuendesha mfumo mwingine wa Linux ndani ya huu, iliyomo tayari tangu SteamOS 3.5; unachoweka humo hukaa upande wa /home.

Mipangilio ya mfumo iliyo ndani ya folda ya /etc ina njia yake. Katika matoleo ya karibuni kuna folda ya /etc/atomic-update.conf.d. Tengeneza humo faili lenye jina linaloishia na .conf, kisha andika anwani ya kila faili unalotaka libaki, kila moja kwenye mstari wake, mfano /etc/mpangilio-wangu.conf. Sasisho likija, litasoma orodha hiyo na kuyabeba mafaili hayo.

Yakibaki mabadiliko ambayo lazima yakae ndani ya mfumo wenyewe, andika amri zake zote kwenye faili moja, ulihifadhi /home/deck, uliendeshe baada ya kila sasisho. Kumbuka tu kwamba pacman itapakua upya, na bando litaliwa upya.

Basi kabla hujabonyeza kitufe cha kusasisha, jiulize swali moja: hiki nilichoongeza, nimekipaka ukutani au nimekiweka sandukuni?