UZI: Mtu akipiga kelele za "jeni" jukwaani, muulize maswali matatu

1/ Shosho wangu kule Runyenjes, Embu, amekataa miche ya kahawa ya Batian aliyoletewa na binamu yangu. Alisikia kwenye mkutano wa hadhara kwamba "watu wa jeni wanatuletea sumu." Na SL28 zake zinaoza kwa CBD, pesa ya kahawa inaishia kwa dawa. Mjomba wangu upande wa Imenti, Meru, naye anasema hivyo hivyo. Wacha tuelewane.

2/ Kila mmea una jeni. Sukuma wiki, muguka, ndengu, zote. Jeni ni maagizo yaliyo ndani ya mbegu: mti urefuke kiasi gani, ustahimili ugonjwa gani. Kwa hivyo "ina jeni" si shtaka.

3/ CBD ni kuvu inayoozesha matunda ya kahawa yakiwa bado mabichi. Iliripotiwa Kenya 1922, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ikafyeka mavuno vibaya. Mwaka wa 1971 watafiti wa Ruiru wakaanza kutafuta dawa ndani ya mbegu yenyewe.

4/ Walipata kwamba kinga inategemea jeni chache tu. Wakazifuata kwa kahawa kama Rume Sudan, Timor Hybrid na K7, wakahamisha poleni kutoka ua hadi ua, kizazi baada ya kizazi. Ruiru 11 ikatoka 1985. Batian, yenye jina la kilele cha Mlima Kenya, ikafuata 2010.

5/ Hiyo si GMO. Ni kahawa kwa kahawa. GMO ni pale jeni inapoingizwa kwenye maabara, kama mahindi ya Bt yaliyopewa jeni ya bakteria ili yaue viwavi. Serikali ilipiga marufuku uagizaji wa GMO Novemba 2012, ikaondoa marufuku Oktoba 2022, watu wakakimbia kortini. Huo mjadala ni halali. Lakini Batian haimo.

6/ Sasa maswali.

Swali la 1: Jeni imetoka wapi, na imeingiaje?

Swali la 2: Naweza kupanda mbegu yangu mwenyewe tena? Hapa ndipo siasa iko. Ruiru 11 ni haibridi: ukipanda mbegu zake, watoto hawafanani na mama, kwa hivyo unarudi kwa anayetengeneza. Na mbegu yake huchavushwa kwa mkono, ndio maana imekuwa adimu miaka mingi. Batian imetulia, mbegu yake huzaa inayofanana nayo. Zote hazina GMO, lakini nguvu ya mkulima si sawa.

Swali la 3: Nani analipa, nani anauza? Batian inapunguza gharama ya dawa. Haiondoi mbolea, wala miaka ya kungoja mche uzae.

7/ Ona kitu: mwanasiasa anayesema "jeni ni sumu" na yule anayesema "sayansi imesema, nyamazeni" wote wanaruka swali la 2. Sisi mashabiki tunawasaidia kuruka.

8/ Nilimpigia shosho nikamweleza hivi hivi. Akanyamaza, kisha akauliza: "Kwa hivyo hii mbegu nikiiweka ni yangu?" Nikamwambia ya Batian, ndio. Akasema binamu alete miche kumi kwanza, SL28 zibaki. Hakuna mtu jukwaani alikuwa amemjibu hilo swali.