Kwa Nini Mwanafunzi wa Biashara Hawezi Kujisahihisha Peke Yake

Pande mbili za mizania zisipolingana, mwanafunzi wa biashara hujua palepale kwamba amekosea, hata kabla mhadhiri hajaiona kazi yake. Riba ikikokotolewa vibaya, jibu lenyewe humuumbua. Barua haina tabia hiyo. Barua mbovu hutulia kwenye karatasi, kila sentensi ikionekana nzima, na aliyeiandika anaweza kuisoma mara tatu asione dosari. Ndiyo maana wanafunzi wengi wakiulizwa wanaandikaje hujibu kwa kuangalia juhudi waliyoweka au urefu wa ripoti, kwa kuwa hawana kitu kingine cha kupimia. Hoja yangu ni kwamba jicho la mwandishi ni shahidi dhaifu wa maandishi yake, na halipati nguvu kwa kuyakodolea macho zaidi. Hupata nguvu akifundishwa kuhukumu maandishi ya wengine, na akiona kwa uwazi jinsi yake yalivyopokewa.

Mwaka 1999, wanasaikolojia Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio ambayo mojawapo lilihusu sarufi ya Kiingereza. Wanafunzi wa robo ya chini kabisa waliwazidi wenzao takribani 10 katika kila 100, lakini wao walijikadiria kuwa wanawazidi wapatao 67. Kilichofuata kinanigusa zaidi. Wiki kadhaa baadaye waliletewa karatasi za wenzao wazisahihishe, kisha wakaulizwa tena wanajionaje. Waliokuwa juu walirekebisha makadirio yao, lakini waliokuwa chini hawakubadilika, kwa sababu hawakuwa na ujuzi wa kutambua kazi nzuri hata ilipowekwa mbele yao. Katika jaribio jingine la watafiti haohao, safari hii la mantiki, mafunzo mafupi yaliwafanya wale wa chini wajipime kwa usahihi zaidi. Wapo wataalamu wa takwimu wanaosema sehemu ya pengo hilo inatokana na namna hesabu zenyewe zinavyofanya kazi, na pingamizi lao lina uzito. Basi nisiegemee hapo peke yake.

Kruger na wenzake walirudi mwaka 2005 na jaribio la barua pepe. Watu walituma sentensi, nyingine za dhati na nyingine za kejeli, wakabashiri kwamba mpokeaji angetofautisha kwa kiwango cha asilimia 78. Wapokeaji walipatia asilimia 56, karibu sawa na kurusha shilingi. Hapa suala la nani hodari na nani dhaifu halimo. Anayeandika anaisikia sauti yake kichwani wakati msomaji ana herufi tu. Chukua mfano wa barua ambayo mwanafunzi anaweza kumwandikia msambazaji wa bidhaa: “Kufuatia changamoto zilizojitokeza katika kipindi husika, tunaomba suala la malipo liangaliwe upya ili kudumisha uhusiano mzuri wa kibiashara.” Haina kosa hata moja la sarufi. Mwandishi anajua deni ni kiasi gani na anataka nini, kwa hiyo kila anaporudia kuisoma anayaona hayo ndani yake. Msambazaji hayaoni. Anaombwa apunguze deni, aongeze muda, au afute riba? Linganisha na hii: “Tunaomba mtuongezee siku 30 za kulipa deni la Sh 4,000,000 linaloiva tarehe 15 Machi. Tutalipa nusu tarehe 31 Machi na nusu iliyobaki tarehe 14 Aprili.” Barua hii ya pili inaweza kupelekwa kwa mhasibu ikajibiwa siku hiyohiyo.

Wengine watasema tatizo ni lugha tu. Nchini Tanzania mtoto husoma shule ya msingi ya umma kwa Kiswahili, kisha sekondari hadi chuo anatakiwa aandike kwa Kiingereza, na mzigo huo ni mzito kwelikweli; sitaki kuupuuza. Lakini barua ile ya kwanza imeandikwa kwa Kiswahili fasaha, na bado haisemi kitu. Wengine watasema programu za akili mnemba zimemaliza kazi. Zinanyoosha sentensi, naam, ila hazijui tarehe ya deni mpaka zielezwe, na kwa ulaini wao zinaficha ule ukungu ambao zamani ulijitokeza kwa makosa ya wazi. Anayezitumia anahitaji jicho kali kuliko babu yake aliyeandika kwa kalamu.

Pingamizi gumu ni kwamba kumpa mwanafunzi kazi ya mwenzake ni kipofu kumwongoza kipofu, na lile jaribio la 1999 linaonekana kuliunga mkono. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama mwenzake angeombwa kutoa alama. Aombwe badala yake aandike sentensi moja: mwandishi anataka nifanye nini, na lini? Kwa hilo hahitaji ubingwa, anahitaji kusoma kwa uaminifu. Mwaka 2009 Kristi Lundstrom na Wendy Baker walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi waliojifunza kuandika Kiingereza kama lugha ya pili. Kundi moja lilifundishwa kutoa maoni kwa kazi za wengine, jingine likafundishwa kutumia maoni liliyopewa. Waliotoa ndio walioendelea zaidi katika uandishi wao wenyewe, hasa wale wa ngazi ya chini. Walifundishwa cha kutafuta kwanza, na hiyo ndiyo tofauti yao na wale wa jaribio la 1999.

Mhadhiri mwenye darasa la watu 300 hawezi kusoma barua 300 kila wiki, lakini kila mwanafunzi ana jirani kwenye kiti cha pembeni. Kabla ya kumpa karatasi, aandike nyuma ya daftari lake kile anachoamini jirani ataelewa. Jirani asome, aandike sentensi yake, kisha mbili hizo ziwekwe upande kwa upande kama safu za mizania. Zisipolingana, barua irudi kuandikwa upya siku hiyohiyo, mwenye kuielewa vibaya akiwa bado ameketi pale wa kuulizwa.