Maji ya Jirani: Istilahi Tano za Madai ya Bima

Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Bima ni jitihada ya kuyazoa kwa njia nyingine: maji yenyewe hayarudi, bali thamani ya kilichoharibika hurudishwa. Lakini ili thamani hiyo irudishwe ipasavyo, hapana budi aliyepatwa na hasara, kampuni ya bima, viongozi wa mtaa na mahakama waelewane kwa maneno. Makala haya yanakusudia kuchunguza istilahi tano ambazo, zikichanganywa, humtia mwananchi hasara ya pili baada ya ile ya kwanza.

Neno bima ni geni la siku nyingi. Lilitufikia kutoka lugha za Bara Hindi, nazo zililipata katika Kiajemi. Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na kuanzia 1967, baada ya Azimio la Arusha, shughuli za bima za Tanzania Bara ziliwekwa mikononi mwa umma. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa kampuni binafsi, na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ikaweka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Katika miaka hiyo yote mikataba mingi iliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 marekebisho ya sheria yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo kazi ya kutafsiri lugha ya bima si ya hiari tena.

Tuchukue mfano wa kubuni. Huko Kiwalani, Dar es Salaam, nyumba zimekaribiana, na watu wengi huhifadhi maji katika matangi ya plastiki yaliyoinuliwa juu ya minara, kwa kuwa bomba halitoki kila siku. Usiku mmoja jirani anawasha pampu na kulala. Tangi linajaa, maji yanaruka ukuta na kuingia katika chumba cha mama mshonaji, ambaye amekatia bima nyumba na mali yake. Vitambaa, dari na cherehani vinaharibika. Hasara yote ni shilingi 2,000,000.

Istilahi ya kwanza ni mafuriko. Mama huyu akiulizwa kilichotokea, aghalabu atasema, "Tangi la jirani lilifurika," na karani atajaza katika fomu neno mafuriko. Hapo ndipo tatizo linapoanza. Katika mikataba ya bima ya nyumba, mafuriko ni janga moja, na kupasuka au kujaa kupita kiasi kwa matangi na mabomba ni janga jingine. Mtu anaweza kuwa na kinga ya hili asiwe na kinga ya lile. Yaliyolikumba Bonde la Msimbazi mnamo Desemba 2011 yalikuwa mafuriko. Yaliyotoka katika tangi la jirani siyo. Kiswahili kimeyaunganisha mambo hayo mawili katika mzizi mmoja, nasi tunapendekeza yatenganishwe katika maandishi ya bima: mafuriko yawe ya mto, bahari na mvua, na maji ya tangi au bomba yaitwe mmwagiko. Umbo hili si la ajabu. Tunalo katika mmomonyoko na mporomoko.

Istilahi ya pili ni dhima. Walimu wanalifahamu neno hili kwa maana ya kazi au jukumu, kama katika dhima ya fasihi. Katika sheria ni mzigo wa kuwajibika kwa madhara aliyopata mwingine. Jambo la kuzingatia ni kwamba dhima haizaliwi na maji peke yake. Mwaka 1868 Baraza la Malodi la Uingereza liliamua shauri la Rylands na Fletcher, ambapo maji ya bwawa la kiwanda yalivunja njia na kuingia katika machimbo ya makaa ya jirani. Mwenye bwawa aliwajibishwa ingawa yeye mwenyewe hakuonekana kuwa mzembe. Kanuni hiyo ilikwisha kuwapo katika sheria ya Kiingereza iliyopokewa nchini kwetu kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Lakini mwaka 1913, katika rufani iliyotoka Australia kwenda London, ilikwisha kuamuliwa pia kwamba maji ya matumizi ya kawaida ya nyumbani hayaingii katika kanuni hiyo. Kwa msingi huo, mama wa Kiwalani atatakiwa kuonyesha uzembe wa jirani, yaani pampu iliyoachwa bila mwangalizi. Mfasiri anayeandika kosa mahali pa dhima, au ajali mahali pa uzembe, ameamua shauri kabla ya hakimu.

Istilahi ya tatu, nayo ndiyo yenye matatizo zaidi, ni fidia. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kikomboleo. Leo hutumika kwa malipo ya namna mbili zilizo tofauti kabisa. Kampuni ya bima humlipa mshonaji kwa sababu ya mkataba na ada aliyolipa. Haihitaji kuthibitisha kwamba jirani ana kosa. Jirani naye hulipa kwa sababu ya madhara aliyosababisha. Yeye hakuwa na mkataba wowote na mshonaji. Tunapendekeza malipo ya kwanza yaitwe fidia ya bima, na ya pili fidia ya madhara. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu kanuni kuu ya bima ya mali ni kwamba mwenye bima arudishwe katika hali aliyokuwa nayo, asipate zaidi. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilitilia mkazo kanuni hiyo mwaka 1883, katika shauri la muuza nyumba aliyelipwa na kampuni ya bima kwa ajili ya moto, kisha akalipwa bei kamili na mnunuzi. Aliamriwa airudishie kampuni fedha yake. Basi kama jirani amekwisha kutoa shilingi 500,000, mshonaji hana budi kuitaja katika dai lake. Akiandikiwa tu kwamba anastahili "fidia" hapa na "fidia" pale, atadhani kwa nia njema kabisa kwamba anaweza kuzichukua zote mbili.

Istilahi ya nne haina jina lililozoeleka. Tuseme mkataba unamtaka mshonaji abebe shilingi 200,000 za kwanza mwenyewe, na kampuni imemlipa 1,800,000. Baada ya kulipa, kampuni hupata haki ya kumfuata jirani ili irudishiwe fedha hiyo, ikitumia haki ileile aliyokuwa nayo mshonaji. Wengine huita jambo hili uwakala. Hilo si sahihi, kwa maana wakala hufanya kazi kwa faida ya aliyemtuma, na hapa kampuni inatafuta fedha yake yenyewe. Wengine huita urithi, lakini hakuna aliyefariki. Neno la Kilatini ambalo lugha za Ulaya zimelitumia lina maana ya kuwekwa mahali pa mwingine. Kwa hiyo tunapendekeza haki ya kushika nafasi, na fedha itakayopatikana kwa jirani iitwe marejesho.

Istilahi ya tano ni kuachilia dai. Katika mitaa yetu majirani hupatanishwa na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Jirani huomba radhi, hutoa chochote, na pande zote husema "yaishe". Karatasi huandikwa kwamba mlalamikaji amesamehe na hana dai lolote tena. Ni desturi njema, wala hatuna nia ya kuibeza. Lakini kusamehe ni tendo la moyo, na kuachilia dai ni tendo la kisheria. Mshonaji akitia sahihi karatasi hiyo kabla kampuni haijalipa, ameifuta haki ambayo kampuni ingeishika. Kampuni yaweza kukataa kumlipa, au kumdai yeye kile ambacho ingekipata kwa jirani. Kwa hiyo anayeandika karatasi ya suluhu aandike kwamba pande mbili zimepatana na uhusiano wao ni mwema, na kwamba haki zinazohusu bima hazikuguswa. Vivyo hivyo, hati ambayo kampuni humpa mlipwaji atie sahihi isiandikwe "fidia kamili" ikiwa kinacholipwa ni sehemu tu ya hasara.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayajaribu mapendekezo haya katika fomu, katika madarasa na katika barua zao, na watuandikie pale yanapokwama. Mama wa Kiwalani hahitaji kujifunza sheria ya Uingereza ili alipwe. Anachohitaji ni karatasi ambayo, akiisoma kabla ya kutia sahihi, itamwonyesha ni nani anayemlipa, kwa sababu gani, na ni haki ipi anayoiacha.