Sauti Imsubiri Mwigizaji

Kwaya ya vijana ikiimba juu ya plebeki mjini Kindu, au kundi la maigizo likitaka mvua, treni na ngoma za harusi katika onyesho moja, mzigo humwangukia mtu mmoja aliyeinamia kompyuta pembeni ya jukwaa. Watu humkumbuka mambo yakiharibika: wimbo umekwisha, programu ikarukia unaofuata, au mlio wa ujumbe umepasua spika katikati ya kilio cha msiba.

Dawa yake si ghali. Skripti ni amri chache zilizoandikwa kwenye faili la kawaida, nazo zinaweza kuendesha programu ya bure kama mpv. Sauti hupewa majina 01-mvua, 02-treni, 03-ngoma; hiyo sifuri iwekwe, la sivyo namba 10 inaweza kupangwa kabla ya 2. Skripti hucheza sauti moja, kisha hutulia hadi kitufe kibonyezwe tena. Kitufe kingine hufifisha: hushusha sauti kutoka 100 hadi 0 kwa hatua 40, kila hatua sehemu ya kumi ya sekunde. Ngoma huondoka taratibu kwa sekunde 4, kila usiku vilevile.

Kwangu mimi, thamani yote imo katika kule kutulia. Hadhira yetu hujibu, hupiga vigelegele, huinuka kwenda kumtuza mwimbaji. Nyimbo zilizounganishwa kwenye CD moja hazijui hayo, na mwigizaji hubaki akikimbizana nazo.

Majumba mengi ya maigizo ya Ulaya na Marekani hutumia programu ya QLab, iliyotoka mwaka 2006, lakini inataka kompyuta ya Mac. Skripti haihitaji intaneti. Itie kwenye flashi pamoja na sauti zake, vuka mto Lualaba kwa mtumbwi hadi Alunguli, na kompyuta ya mtumba yenye mfumo uleule na mpv itaipokea.

Kisha kuna umeme. Jenereta ikizima, spika hufa ilhali kompyuta inaendelea kwa betri. Umeme ukirudi, mvua imeshapita bila kusikika. Kwa hiyo ongeza kitufe cha kurudia sauti tangu mwanzo. Zima milio ya arifa, zuia kompyuta isilale, halafu fanyeni zoezi zima huku mtu akizima jenereta makusudi.