Mwongozo Unaosomwa kwa Vidole

"Bonyeza kitufe cha bluu kilicho kulia. Ukisikia mlio, kifaa kimewaka." Maelezo ya namna hii yamejaa katika miongozo ya matumizi, na wengi wetu hatuyaoni kasoro. Kiziwi asiyeona hayamfai kitu. Rangi haioni, mlio hausikii, na "kulia" hakumwambii aanze kupapasa kutoka wapi.

Vifaa vya kumsaidia vipo, tena vizuri. Haben Girma, kiziwi asiyeona wa kwanza kuhitimu shule ya sheria ya Harvard nchini Marekani, mwaka 2013, huzungumza na watu kwa kutumia kibodi na kifaa cha nukta nundu: mwenzake anachapa, maneno yanainuka chini ya vidole vyake. Ndani ya kifaa hicho mna vijipini vinavyopanda na kushuka kuunda herufi. Vifaa vingi vina nafasi 40 tu za herufi, basi msomaji hupata mstari mmoja kwa wakati mmoja. Hawezi kutupa jicho hadi hatua ya tano, na jedwali la safu nne humfikia likiwa vipande vipande.

Video ndiyo mbaya zaidi. Asiyeona husaidiwa na sauti yake, kiziwi husaidiwa na maandishi yaliyo chini ya picha. Mwenye hali zote mbili habaki na chochote, isipokuwa maneno yote na vitendo vyote viwe vimeandikwa katika faili la kawaida.

Maelekezo mazuri husema: "Kitufe cha tatu kutoka ukingo wa kushoto, cha mviringo, chenye kinundu katikati. Kifaa kitatetemeka." Hutaja pia amri kwa namba za vitufe vya nukta vilivyo kwenye kifaa. Kwenye iPhone iliyounganishwa na kifaa cha nukta nundu, kwa mfano, kubonyeza kitufe cha nafasi pamoja na nukta ya 4 hukupeleka mbele, na nukta ya 1 hukurudisha nyuma. Nafasi pamoja na nukta za 1, 3 na 4 huzima sauti ya programu inayosoma skrini. Amri hii ya mwisho isisahaulike kamwe: simu inaweza kuwa inatangaza salio lako la benki ndani ya daladala, nawe huna habari.

Fundo gumu liko mwanzoni kabisa. Maelekezo ya kuunganisha kifaa na simu kwa Bluetooth mara nyingi yamo ndani ya simu ile ile ambayo bado haisomeki kwa vidole. Karatasi moja ya nukta nundu ndani ya boksi ingemaliza kazi.

Miongozo ya kimataifa ya WCAG 2.0, ya mwaka 2008, ilishaagiza kwamba maelekezo ya kwenye tovuti yasitegemee umbo, ukubwa, mahali au sauti pekee. Kwa hiyo watengenezaji na wakufunzi hawana kisingizio. Kabla ya kutoa mwongozo, mpeni kiziwi asiyeona aujaribu peke yake, na mlipeni kwa kazi hiyo.