Kamongo, samaki anayeweza kufa maji

Ukivuka mpaka pale Busia ukaingia sokoni upande wa Uganda, usishtuke ukikaribishwa kitoweo cha mamba. Si yule mla watu. Kwa Kiganda, mamba ni samaki yule yule ambaye upande wetu wa Kenya tunamwita kamongo, jina tulilolipata kwa Wajaluo. Wapo hata Waganda wasiomgusa kamwe, kwa kuwa ndiye mwiko wa ukoo wao.

Makao yake ni vinamasi vya mafunjo, penye maji yaliyotulia na yenye hewa haba. Yumo katika Ziwa Victoria, unakomwaga maji Mto Sio wa Busia, na yumo pia katika Ziwa Kyoga, ambako maji ya Mto Malaba huishia.

Wafugaji wa samaki wa mapambo ng'ambo hujivunia taa wa maji baridi kutoka mito ya Amerika Kusini, samaki bapa anayejifukia mchangani akiwa na mwiba wa sumu mkiani. Lakini kwa vituko, kamongo hashindwi na taa. Ana mapafu mawili! Akishakomaa, matamvua peke yake hayamtoshi, na kila baada ya muda hupanda juu kumeza hewa. Akizuiwa asifike juu, hufa maji kama wewe na mimi.

Kwa hivyo, msomaji unayetamani kumweka sebuleni, usijaze tangi la kioo hadi ukingoni. Acha nafasi ya hewa chini ya mfuniko, na mfuniko wenyewe uwe mzito, maana jamaa huyu ana nguvu za kuusukuma na kutoka usiku. Maji ya bomba yenye dawa yaache kwanza kwenye pipa wazi siku moja au mbili.

Mchana atalala chini kama gogo, na wageni watadhani amekufa. Giza likiingia huanza kutembea, akipapasa mchanga kwa mapezi yake membamba kama tambi, kwani macho yake si ya kutegemewa. Akigusa chakula hukidaka ghafla. Meno yake yameungana kuwa mabamba makali yanayovunja gamba la konokono, sasa fikiria kidole cha mtoto. Mlishe kwa koleo: konokono, minyoo, vipande vya samaki. Mkubwa hutosheka na mara mbili au tatu kwa wiki. Wala usimtafutie mwenzake, watang'atana mapezi, ingawa huota tena.

Wanafunzi nao wasijaribu kukausha tangi ili wamwone akilala ndani ya tope, kama vitabu visemavyo. Kamongo hujifunika ute tope linapokauka polepole, bali sebuleni utaishia kumuua tu.

Kubwa zaidi ni hili: anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole anaweza kufikia mita 2. Akikushinda, usimtupe katika mto wowote ulio karibu. Waulize kwanza maofisa wa uvuvi. Na usitarajie atakufa upesi. Binamu yake wa Australia aliyeitwa Granddad aliingia katika hifadhi ya samaki ya Shedd, Chicago, mwaka 1933. Alitoka humo 2017, akiwa maiti.