Mpini Ukilegea, Mkosaji ni Maji

Nchini Marekani, kusubu risasi za bunduki nyumbani ni kazi ya mikono yenye wafuasi wengi, na kampuni kama Lyman, iliyoanzishwa mwaka 1878, bado huwauzia kalibu pamoja na mipini yake. Kifaa chenyewe kina umbo la koleo: vipande viwili vya chuma vinavyofumba na kufumbuka, na mikono miwili ambayo mikia yake imepenyezwa ndani ya mipini ya mbao. Baada ya muda mpini huanza kucheza, kisha huchomoka. Maelezo yanayokuja haraka ni kwamba chuma kikipata moto hutanuka na kupanua tundu. Yanaingia akilini, lakini hesabu inayakataa. Mkosaji mkuu ni maji yaliyomo ndani ya mbao, na asiyelijua hilo hutengeneza mpini kwa namna inayozidi kuuharibu.

Tuanze na chuma. Kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, chuma hutanuka kwa takriban sehemu 12 katika milioni. Mkia wenye kipenyo cha milimita 6, joto lake likipanda kwa nyuzi 150, hunenepa kwa milimita 0.01 tu. Mbao ina tabia nyingine. Ikikaushwa kutoka ubichi hadi ukavu kamili, mbao nyingi hunywea kwa asilimia 6 hadi 10 kufuata mzunguko wa pete za ukuaji, karibu nusu ya hapo kutoka kiini kuelekea gome, na kwa urefu wake karibu si kitu. Mpini uliokaa ndani ya nyumba huweza kuwa na unyevu wa asilimia 12 hivi. Joto la kalibu likiushusha hadi asilimia 2 au 3, mbao iliyouzunguka mkia hutaka kunywea kwa kama asilimia mbili na nusu. Kwenye tundu la milimita 6, hiyo ni milimita 0.15, zaidi ya mara kumi ya mwendo wa chuma.

Msomaji makini atapinga: mbao ikinywea, tundu nalo hupungua, basi mpini ungepaswa kubana zaidi. Ni kweli, na mwanzoni ndivyo inavyokuwa. Tatizo ni kwamba mkia wa chuma haukubali kupungua. Mbao iliyozuiwa kunywea huvutwa na kubanwa kwa wakati mmoja, nayo haivumilii sana: ikilazimishwa kwa zaidi ya asilimia 1 hivi kukingama na nyuzi zake, hupondeka moja kwa moja au hupasuka. Kazi ikiisha na kalibu ikipoa, mbao hufyonza tena unyevu wa hewani na kuvimba, lakini seli zilizopondeka hazirudii umbo lake. Tundu linabaki pana kuliko lilivyokuwa. Mzunguko huo ukijirudia, kila awamu huongeza ulegevu, na pale mkia unapopata moto mkali mbao huungua taratibu na kupoteza hata mshiko uliosalia.

Nyundo na shoka zinathibitisha hoja hii kwa upande wa pili, maana huko mbao ndiyo iliyo ndani ya chuma. Mpini ukilegea, wengi hutumbukiza kichwa cha nyundo ndani ya ndoo ya maji, na kweli hukaza. Lakini mbao inayovimba ndani ya tundu lisilotanuka hujiponda yenyewe, na ikikauka hunywea hadi kuwa nyembamba kuliko ilivyokuwa kabla ya kuloweshwa. Kulowesha ni mkopo wenye riba: leo mpini umekaza, wiki ijayo deni limeongezeka. Kabari hushinda maji kwa sababu hutanua mbao bila kubadilisha unyevu wake.

Kwa kalibu, maji yana ubaya mwingine mkubwa zaidi. Madini ya risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, na maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi kama mara 1,600 ya ile ya awali. Tone dogo likinaswa chini ya risasi iliyoyeyuka huirusha usoni na mikononi mwa msubuji. Hatari hiyo inamhusu yeyote anayeyeyusha risasi, hata anayesubu chubwi za mishipi ya kuvulia.

Je, gundi haitoshi? Epoksi ya kawaida hujaza nafasi vizuri, ila nyingi huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi, ambalo mkia huweza kulipita. Hata ile inayostahimili moto haiwezi kuizuia mbao kupumua. Na kutupa mbao tukashika chuma kitupu si suluhisho, kwa kuwa chuma hupitisha joto mara mamia zaidi kuliko mbao. Ndiyo sababu mbao ingali pale.

Matengenezo yanayodumu basi hufuata mantiki ya unyevu. Kausha mpini kikamilifu kwanza, ili unyweaji mkubwa uwe umekwisha tokea kabla ya kuufunga. Kwangua mbao iliyoungua, jaza tundu kwa gundi inayostahimili joto, kisha toboa mpini na mkia kwa pamoja na upitishe pini ya chuma, ili kifaa kisitegemee mbano peke yake. Noleo, yaani pete ya metali, kwenye mdomo wa mpini huzuia ufa kusambaa. Mafuta ya kitani kwenye ncha zilizokatwa hayazuii unyevu kuingia, lakini huuchelewesha, na mbao inayobadilika polepole hupondeka kidogo. Mbao haitaacha kuvimba na kunywea; pini humfanya mtumiaji asidhurike kwa hilo.